Vyambo vya Mito ya Dar es Salaam

Wasomaji wetu waliokaa pwani wanazijua habari za uvuvi wa bahari: jarife na juya, dema na uzio, ngalawa na mtumbwi. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Lakini uvuvi wa maji baridi katika vijito vinavyopita pembeni mwa mji wa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke, umeachwa, kana kwamba ni mchezo wa watoto tu. Katika habari hii tutatazama jambo moja la uvuvi huo, nalo ni chambo: namna kinavyochaguliwa, namna kinavyotumika, na jinsi kilivyobadilika kadiri mji ulivyokua.

Huenda mtu akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo mno. Walakini chambo ni ushuhuda. Mvuvi hamvuti samaki kwa kitu ambacho samaki hakitambui kuwa chakula. Basi ukijua chambo kinachotiwa katika ndoana ya mto fulani, umejua mto ule unawalisha samaki wake nini. Na chambo kikibadilika, sharti uulize ni nini kilichobadilika katika maji.

I. Maji yenyewe

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Seyyid Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, ambacho wenyeji wake walikuwa Washomvi, watu wa bahari. Nyuma yao, katika vilima na mabonde, walikaa Wazaramo, watu wa mashamba. Kwa hiyo tangu zamani palikuwa na wavuvi wa namna mbili: yule anayeelekea mawimbi, na yule anayetupa mshipi wake kijitoni baada ya kazi ya shamba. Wa kwanza alikuwa na chombo, nyavu na wenzake. Wa pili alikuwa na ufito, uzi na ndoana moja. Ndiyo sababu wa kwanza ameandikwa na wa pili amesahauliwa.

Mito yenyewe si mikubwa. Msimbazi unatoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Jangwani, ukaingia bahari penye Daraja la Selander. Upande wa kaskazini iko Mbezi, Tegeta na Mpiji. Katikati ya nyumba za Kinondoni vinapita vijito vya Sinza, Mlalakuwa na Ng'ombe. Na upande wa Temeke iko Kizinga na Mzinga. Majina ya mahali nayo yanakumbuka maji: Mtoni, Kijitonyama, Bonde la Mpunga. Anayesikiliza majina hayo atafahamu kwamba vitongoji hivi vilikuwa nchi ya majimaji kabla ya kuwa mitaa. Mbali kidogo, upande wa magharibi, uko Mto Ruvu, ambao vitabu vya kale viliuita Kingani. Nao ndio mto mkubwa wa jirani.

II. Maneno

Kitu kinachotiwa katika ndoana ili kumvuta samaki huitwa chambo, na wingi wake ni vyambo. Neno hili limo katika kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939. Mwalimu aliyetoka kusini na aangalie: katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, chambo ni jina la samaki mwenyewe, wa jamii ya perege. Hivyo mtu wa huko akisema amekula chambo, amekula kitoweo. Mtu wa pwani akisema samaki amekula chambo, mvuvi amepata hasara.

Tena katika vinywa vya watoto wa sehemu nyingi za nchi, neno hili limebanwa likawa jina la kitu kimoja tu. Wakisema, "Twende tukachimbe chambo," maana yao ni nyungunyungu. Habari hii yatosha kuonyesha ni chambo gani kilichokuwa cha kwanza katika maji baridi: kilitumika sana hata jina la jamii yote likawa lake.

Chuma chenyewe ni ndoana, wengine husema ndoano. Uzi ni mshipi. Zamani ulisokotwa kwa pamba au kwa nyuzi za mimea, mpaka uzi wa nailoni, uliotangazwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1938, ulipoenea baada ya Vita Kuu ya pili. Kitu kizito kinachozamisha mshipi ni chubwi; kinachoelea ili kuonyesha kwamba samaki amegusa ni chelezo. Mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, unaolazwa usiku na kuinuliwa asubuhi, wavuvi wengine wa pwani huuita dhulumati. Wasomaji wetu wanaohubiri watakumbuka kwamba katika Injili zote nne ndoana imetajwa mara moja tu, katika Mathayo 17:27. Mahali pengine ni nyavu. Wala pale hapakutajwa chambo.

III. Kumchagulia samaki chambo chake

Waswahili husema, "Mkono mtupu haulambwi." Ndivyo ilivyo kwa ndoana. Walakini si kila kilichomo mkononi kitalambwa na kila samaki, na hapo ndipo elimu ya mvuvi inapoanza. Katika vijito vyetu samaki wanaotafutwa hasa ni wawili, kambare na perege, na desturi zao hazifanani hata kidogo.

Kambare hana magamba, ana kichwa kipana na sharubu nne jozi, yaani nane kwa jumla. Watu humfanyia mzaha kwamba nyumbani kwake baba ana ndevu, mama ana ndevu na mtoto ana ndevu. Lakini ndevu hizo si pambo. Ndizo zinazopapasa matope na kuonja maji, maana kambare hukaa chini, hupenda maji ya tope, na hutembea zaidi usiku, ambapo macho hayamfai sana. Tena anacho kiungo cha kuvutia hewa kando ya matamvua yake, hata aweza kuishi mahali ambapo maji yamekuwa mabaya au yamekaribia kukauka. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, vyura, samaki wadogo na mizoga.

Kwa hiyo chambo cha kambare sharti kiwe na harufu. Nyungunyungu wanafaa, na matumbo ya kuku yanafaa zaidi, kadhalika kipande cha samaki aliyeanza kunuka. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wavuvi wa kambare hutumia hata vipande vya sabuni ya mche. Mgeni akiambiwa hivyo hucheka. Lakini sabuni ya namna hii hutengenezwa kwa mafuta, tena haivunjiki upesi, huyeyuka polepole ndani ya maji, na kila inapoyeyuka hupeleka ladha yake mbali. Kwa samaki anayeonja kwa sharubu, hiyo ni sauti inayomwita. Aliyebuni jambo hilo hakuwa mjinga. Alikuwa amemwangalia kambare vizuri.

Perege ni kinyume chake. Yule wa asili ya mito yetu aliandikwa na Norman mwaka 1922, na wataalamu humwita Oreochromis urolepis. Kwao ni Rufiji, Ruvu na vijito vya jirani. Ana kinywa kidogo, hula mchana, na chakula chake kikubwa ni uozo laini wa chini na majani madogo ya maji. Basi ndoana yake sharti iwe ndogo, na chambo chake kiwe laini: donge la ugali au la unga uliokandwa, au kipande kifupi cha nyungunyungu. Huonja kwa hadhari, akadonoa na kuacha. Mvuvi asipoliangalia chelezo atainua ndoana tupu.

Tena liko jambo moja ambalo wavuvi wa perege hawana budi kulijua. Jike la perege huyaatamia mayai yake kinywani, na wanawe wakisha kutoka huwarudisha mumo humo wakati wa hatari. Siku hizo zote karibu hali kitu. Waweza kuona perege wengi majini, ukawatupia chambo kizuri cha kila namna, wala wasiguse. Kosa si la chambo. Kinywa kimejaa watoto.

Majira nayo huchagua. Mvua za vuli zinapoanza, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, wakaangukia maji, na samaki huinuka juu kuwadaka. Siku hizo chambo cha kumbikumbi, kikitupwa bila chubwi, hushinda vyote. Panzi hufaa wakati nyasi zimekua. Katika masika, mito inapofurika, kambare hutoka mtoni na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga. Hapo mvuvi hafuati mto, hufuata ukingo wa mafuriko.

IV. Namna ya kukitia

Nyungunyungu huchimbwa mahali penye unyevu, kwa mfano chini ya migomba, kisha huwekwa katika kopo pamoja na udongo wake, maana wakipata jua hufa upesi. Mvuvi humchoma mmoja kwa ndoana, akamvuta juu ya chuma mpaka ncha ifunikwe, akaacha mkia ukining'inia. Mkia huo unaopindapinda ndio unaovuta. Akiacha mrefu sana, samaki ataula mkia na kuondoka. Akiuacha mfupi sana, chambo hakina uhai. Panzi hupitishwa ndoana mgongoni. Donge la unga hukandwa mpaka liwe gumu kidogo, na wengine huchanganya nyuzi za pamba ili lisitawanyike majini.

Kwa kambare chubwi hulazwa chini, na mshipi huachwa ulegee kidogo, kwa kuwa yeye huchukua chambo akaenda nacho kabla ya kukimeza. Mwenye haraka hukosa. Kwa perege mkono huinuka mara tu chelezo kinapozama.

Vivyo hivyo kambare mwenyewe hugeuzwa chambo. Katika Ziwa Viktoria, tangu sangara walipoletwa na kuongezeka, wavuvi wa mishipi mirefu hutumia kambare wadogo walio hai, kwa sababu hawafi upesi wakiwa ndoanani. Hata pameanzishwa mabwawa ya kuwazalisha kwa kazi hiyo. Mla vyote ameliwa.

V. Chambo cha kuiga

Sasa tufike kwenye swali ambalo limesababisha kuandikwa kwa habari hii. Katika nchi nyingine watu wamebuni vyambo visivyo chakula: manyoya, mbao na madini vilivyotengenezwa kwa mfano wa mdudu au samaki. Aelian, mwandishi wa zama za Warumi, aliandika karibu na mwaka 200 kwamba watu wa Makedonia walizungushia ndoana sufu nyekundu na manyoya ya jogoo, wakawadanganya samaki wa mto wao. Mwaka 1852 Mmarekani Julio Buel alipata hati ya serikali kwa chambo cha madini chenye umbo la kijiko. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alichonga samaki wa gamba laini la mti, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti. Walowezi walipopeleka samaki wa mito ya Ulaya aitwaye trauti katika mito ya baridi ya Kenya, mwaka 1905, walikwenda pamoja na inzi wao wa manyoya.

Huenda mtu akauliza, mbona katika vijito vya Dar es Salaam vitu hivyo havikubuniwa? Wako wanaojibu upesi kwamba watu hawakuwa na ubunifu. Jibu hilo si kweli, na ni wajibu wetu kulikataa kwa hoja.

Chambo cha kuiga huhitaji mambo mawili. La kwanza, maji yawe safi kiasi cha samaki kuona kwa mbali. La pili, samaki awe mwindaji anayefuata kitu kinachokimbia na kung'aa. Mito ya vitongoji vyetu hubeba udongo mwekundu wa vilimani kila mvua inaponyesha. Na samaki wake wakubwa ni huyu anayeonja kwa sharubu gizani na huyu anayechuna majani. Umtupie kambare kijiko cha kung'aa usiku katika tope: amtazame nani? Kumpelekea kitu kisicho na ladha ni kusema na mtu kwa lugha asiyoijua.

Walakini nenda Ruvu au Rufiji, utamkuta samaki mwingine, mwenye meno marefu yaliyo wazi, mwili mwembamba na mbio nyingi. Wataalamu walimtenga kuwa aina mbali mwaka 1986, wakamwita Hydrocynus tanzaniae kwa heshima ya nchi yake. Huyo huwinda samaki wenzake kwa macho, na huyo hushika kijiko cha madini kwa hasira, hata mshipi wake wahitaji kufungwa waya usikatwe. Wavuvi wa bahari nao, wanaokokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, kazi waiitayo kurambaza, wanajua nguvu ya kitu kinachong'aa. Basi watu wa pwani hawakukosa maarifa. Kila maji yalipewa chambo chake.

VI. Uvuvi usio na chambo

Ni vema kukumbuka kwamba chambo si njia ya kwanza. Huko Katanda, kando ya Mto Semliki katika Kongo ya mashariki, wachimbuzi walipata vyembe vya mifupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1995, na umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 80,000 au 90,000. Watu wale waliwachoma kambare walipopanda katika maji haba wakati wa kutaga. Waliyajua majira kabla ya kuijua ndoana.

Iko pia njia ya utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kutiwa katika maji yaliyotuama, hata samaki wakalewa na kuelea. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza sumu katika uvuvi, nayo ina haki. Chambo huchagua; sumu haichagui. Mwenye ndoana humtafuta samaki mmoja, wa kimo kinachoifaa ndoana yake, na aliye mdogo huachwa akue. Mwenye utupa huwaua mayai, watoto na wakubwa pamoja, hata wale perege waliofumba vinywa juu ya wana wao.

VII. Mji ulipoyafikia maji

Katika hesabu ya mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Mashamba ya mabondeni yakawa nyumba, na maji taka ya nyumba, ya machinjio na ya viwanda yakaingia mitoni. Msimbazi ndio ulioteseka zaidi. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha madini mazito katika maji na matope yake, na katika mboga zilizonyweshwa kwa maji hayo.

Tazama sasa jinsi chambo kinavyoshuhudia. Perege, anayehitaji maji mema zaidi, hupungua kwanza. Kambare, anayevuta hewa ya juu, hubaki. Donge la unga huacha kufaa, na matumbo ya kuku hufaa. Anayesikia kwamba katika kijito fulani siku hizi hushikwa kambare tu, tena kwa uchafu wa jikoni, amepewa habari ya mto huo bila kupima maji. Wala asidhani kwamba kuwapo kwa kambare ni dalili ya uzima. Samaki aliyekulia katika tope lenye madini hayo aweza kuyabeba katika mwili wake mpaka sahanini. Mwalimu akiwaona watoto wakienda na makopo yao ya nyungunyungu kuelekea maji ya namna hiyo, na awaambie neno hili waziwazi.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi. Sato wa maziwa ya bara wamefugwa katika mabwawa mengi ya nchi, na wanapotoka huzaa na perege wa asili. Wataalamu wamewakuta machotara katika mito kadha wa kadha ya mashariki. Hivyo samaki wa Norman aweza kupotea bila kufa hata mmoja kwa ndoana. Atayeyuka kama sabuni ile, polepole, ndani ya ukoo wa mwingine.

VIII. Ombi kwa walimu

Padre Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879 na kutoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, aliandika maneno ya mimea na ya kazi za mikono kwa sababu alikaa na watu na kuwauliza majina ya vitu vilivyokuwa mikononi mwao. Kazi hiyo haijaisha. Majina ya samaki wadogo wa vijitoni, ya wadudu wanaotumiwa kuwa vyambo, ya vidimbwi na vivuko, yamo katika vinywa vya wazee wa Mbezi, Tegeta, Mtoni na Mbagala, na wengi wao hawajaulizwa. Mto ukifunikwa kwa zege, neno lililoishi ukingoni halina pa kukaa.

Basi mwalimu aliye karibu na maji na achukue daftari, amwombe mzee mmoja amwonyeshe namna alivyovua alipokuwa kijana. Aandike jina la samaki, la chambo chake, la mahali na la mwezi, kwa matamshi yale yale ya msemaji, bila kuyasahihisha. Kisha aulize swali moja zaidi: chambo kile, je, leo kinashika?